Gita Lililomlilia Debussy

Siku moja niliwaonyesha wanafunzi wangu video ya mtu apigaye gita. Mtu huyo alikuwa ameketi peke yake juu ya kiti kisicho na mikono, mguu wake wa kushoto umekanyaga kibao kidogo, na nyuma yake hapakuwa na kitu ila ukuta mweupe. Alipiga kwa muda wa dakika tatu na nusu hivi. Alipokwisha aliuacha mkono wake juu ya nyuzi, akainamisha kichwa, na picha ikatoweka. Darasa likakaa kimya. Nilifurahi, nikidhani kimya kile ni cha watu walioguswa mioyo, mpaka kijana mmoja wa safu ya nyuma aliponyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, ataanza lini?"

Wenziwe walicheka, nami, nakiri, nilikasirika. Walakini jioni ile, nikiwa njiani kurudi nyumbani, niliona kuwa swali lile lilikuwa la haki kuliko kimya cha wale wengine. Kijana alikuwa amesikiliza kwa kungoja. Alingoja utangulizi uishe, sauti ya kuimbika itokee, kiitikio kifuate, na mwisho ujulikane kuwa ni mwisho. Hakupata hata kimoja katika hivyo, na badala ya kujifanya amekipata, alisema. Nilistahili kumjibu vizuri zaidi kuliko nilivyomjibu. Basi, msomaji, yachukue maneno haya kuwa jibu nililochelewa kulitoa, maana yamkini nawe ungeuliza kama yeye.

Utungo ule ni mdogo sana, vipimo 70 tu vya muziki. Aliyeutunga ni Manuel de Falla, Mhispania mzaliwa wa mji wa Cádiz, naye aliutunga mwaka 1920. Jina lake la Kihispania, Homenaje, maana yake ni heshima apewayo mtu. Na chini ya jina hilo pana maneno ya Kifaransa, Le tombeau de Claude Debussy, yaani kaburi la Claude Debussy. Usidhani kuwa ni kaburi la mawe. Ilikuwa desturi ya wanamuziki wa Ufaransa tangu karne ya 17 kumtungia mwenzao aliyefariki kipande cha muziki wakakiita kaburi lake, kama washairi wetu wanavyomtungia marehemu tenzi za maombolezo. Kwa hiyo jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba ulialikwa matangani. Atakayekwenda matangani akingoja kiitikio hana budi kurudi na njaa.

Debussy alifariki mjini Paris tarehe 25 Machi 1918, siku ambazo mizinga ya Wajerumani ilikuwa ikiupiga mji. Miaka miwili baadaye jarida moja la Paris, La Revue musicale, liliwaomba watunzi kumi wa mataifa mbalimbali kila mmoja alete kipande cha kumkumbuka. Waliokubali walikuwamo Ravel, Stravinsky, Bartók na Satie, watu ambao majina yao hata leo yanatajwa kwa heshima. Falla alikuwa mmoja wao. Yeye alikuwa amekaa Paris tangu mwaka 1907 hata 1914, na Debussy alikuwa amemfaa kwa mashauri. Wakati huohuo mpiga gita mashuhuri wa Barcelona, Miguel Llobet, alikuwa amekwisha kumwomba Falla amtungie kitu cha gita. Falla akaona aziunganishe haja mbili kwa kazi moja. Hakupata kutunga kipande kingine cha gita peke yake maisha yake yote.

Kwa nini gita? Hapa pana kisa ambacho bila ya kukijua nusu ya uzuri wa utungo huu hupotea, kwa hiyo nivumilie nikisimulie. Mwaka 1903 Debussy alitoa vipande vitatu vya piano, na cha pili alikiita jioni katika Granada. Granada ni mji wa kusini mwa Uhispania, uliotawaliwa na Waislamu mpaka mwaka 1492, na ngome yao ya Alhambra ingali juu ya kilima. Debussy hakupata kuuona mji huo. Falla mwenyewe alieleza kuwa Mfaransa yule aliikanyaga Uhispania kwa saa chache tu, alipovuka mpaka kwenda San Sebastián kutazama mchezo wa fahali. Lakini katika kipande kile cha piano aliisikilizisha dunia usiku wa Granada, na magita yakilia kwa mbali, kiasi cha kumstaajabisha Falla aliyezaliwa kusini huko. Falla alisema kuwa hakuona humo hata kipimo kimoja kilichoazimwa katika nyimbo za wenyeji, na juu ya hayo Uhispania ilikuwamo yote.

Sasa tazama malipo yake. Mfaransa aliifanya piano iige gita la mji asioujua. Alipokufa, Mhispania, akiwa katika mji uleule wa Granada, alilichukua gita lenyewe akamwombolezea, na karibu na mwisho wa maombolezo hayo akatia vipimo vichache vya ile jioni ya Debussy, neno kwa neno kama tungesema katika fasihi. Kitu kilichoazimwa kimerudi kwa mwenyewe, na mwazimaji hayupo kukikabidhi.

Watu humhesabu Debussy kuwa mtunzi wa mtindo wa impreshoni. Jina hilo lilianza kwa wachoraji: mwaka 1874 Claude Monet alionyesha Paris picha ya mapambazuko katika bandari ya Le Havre, ambayo mashua zake si mashua kamili, ni vivuli ndani ya ukungu, na mwandishi mmoja wa gazeti akalichukua neno lililokuwa katika jina la picha ile ili awacheke wachoraji wote wa namna hiyo. Debussy hakulipenda jina hilo lilipowekwa juu ya muziki wake. Tuliache basi, lakini tushike maana yake, kwa kuwa ndilo swali la yule kijana. Katika muziki wa namna hii kingo za vitu hazionekani. Sauti moja haijaisha nyingine imeingia, zikachanganyika kama rangi zilizolowa maji, na msikilizaji haambiwi mahali wimbo ulipoanzia. Piano hufanya hivyo kwa urahisi. Ina kikanyagio ambacho mpigaji akikibonyeza, nyuzi zote huachwa wazi, na alichokipiga hubaki hewani kikikutana na kile anachokipiga sasa.

Gita halina kikanyagio. Uzi wake ukiguswa sauti huzaliwa, na mara ile ile huanza kufa. Na mpigaji akiondoa kidole cha mkono wa kushoto ili akitumie mahali pengine, sauti ile hukatika kabisa. Basi fikiri taabu ya Falla: amlilie bwana wa sauti za ukungu kwa ala ambayo sauti zake hukauka upesi. Mtunzi mdogo angalijaribu kuufunika udhaifu huo kwa kujaza vipimo vyake sauti nyingi. Falla aliuacha wazi. Utungo wake umejaa sauti chache zilizoachwa peke yao zife mbele yetu, na nafasi inayobaki baada ya kila moja ni sehemu ya muziki. Jambo hili likikuingia, utakuwa na kipimo cha kumpimia kila apigaye kipande hiki: sikiliza jinsi anavyoiacha sauti, kuliko jinsi anavyoigusa.

Vitu viwili vimeushika utungo tangu mwanzo. Kimoja ni mdundo, nao ni ule wa habanera, uliopata jina lake kutokana na mji wa Havana katika Cuba. Ugonge kwa kidole juu ya dawati: pigo refu, pigo fupi sana, kisha mapigo mawili yaliyo sawa. Ni mdundo wa kuchezea ngoma. Hata Bizet aliutumia katika Carmen mwaka 1875, mwanamke anapowachezea wanaume akili. Debussy aliutumia katika jioni yake, na Falla akauleta matangani, akaupunguza mwendo hata ukawa kama hatua za watu wanaofuata jeneza. Kitu cha pili ni kijisauti kipandacho kidogo kisha kikateremka hatua ndogo kabisa iliyopo baina ya sauti mbili, tena na tena, kama mtu anayetaka kusema neno akaishia kushusha pumzi. Mtu wa pwani aliyelelewa na udi wa taarabu hatashtuka akikisikia. Atahisi kama amepita nje ya nyumba ya jamaa yake. Wala si ajabu, maana ala ya udi ilifika Uhispania pamoja na Waarabu, na muziki wa kusini mwa nchi hiyo haujaisahau safari ile.

Nilisema tumpime mpigaji. Nitakueleza wawili niliowatazama, nisiwataje majina, kwa kuwa mmoja nitamsema vibaya na hayupo kujitetea.

Yule wa kwanza ndiye niliyempenda zamani. Ana vidole vyepesi ajabu. Mahali ambapo sauti kadhaa hupandana upesi kutoka uzi mnene hata mwembamba, yeye huzimwaga kama mtu amwagaye mchele katika ungo, na hapana hata punje moja iangukayo nje. Akifika kwenye ile pumzi inayoshuka huitikisa kwa kidole cha kushoto, akafumba macho, akakunja uso, na kamera humsogelea ili tusikose kuona jinsi anavyoumia. Kwa miaka mingi niliamini kuwa huyo ndiye anayeuhisi utungo. Siku nilipoisikiliza video yake simu ikiwa imelala kifudifudi mezani, niligundua jambo la kunifedhehesha: huzuni yote ilikuwa usoni. Katika sauti hamkuwamo. Mdundo ulikuwa ukikimbia kila alipopata mahali pa kuonyesha wepesi, ukasimama kila alipotaka tumhurumie, na hapana jeneza liendalo hivyo.

Wa pili ndiye wa ukuta mweupe. Uso wake hausemi kitu. Lakini tazama kidole gumba cha mkono wake wa kulia: ndicho kinachoshika mdundo kwenye nyuzi nene, na tangu mwanzo hata mwisho hakiharakishi wala hakikawii isipokuwa mahali mtunzi alipotaka. Falla aliandika mwanzoni maneno mawili ya Kitaliano, moja la huzuni na moja la utulivu. Wengi husoma la kwanza wakaruka la pili. Mpigaji huyu ameyasoma yote mawili. Tazama tena jinsi mkono huohuo unavyohama: ukisogea karibu na mahali nyuzi zilipofungwa, sauti huwa kali na nyembamba kama bati, ukirudi juu ya tundu la gita, na kupita hapo kuelekea shingoni, huwa laini na ya mviringo. Yeye huitumia njia hiyo badala ya kikanyagio cha piano. Kijisauti cha kwanza hukipiga kwa ukali kidogo, marudio yake kwa ulaini, hata ukadhani la pili ni mwangwi wa la kwanza uliorudi kutoka ukuta wa mbali.

Msomaji anayejua gita letu la Afrika huenda akauliza kama huo ndio ufundi mkubwa. Swali hilo lina haki yake. Jean Bosco Mwenda wa Kongo, ambaye Hugh Tracey aliinasa sauti ya gita lake mwaka 1952 katika Masanga, alitumia kidole gumba na cha shahada tu, akatoa sauti ambazo asiyemwona angeapa kuwa ni za watu wawili. Sioni sababu ya kumweka Mwenda chini ya mtu ye yote wa Ulaya. Ila kazi zao ni mbalimbali. Gita la Mwenda halikubali sauti ife. Kidole gumba hakijanyamaza cha shahada kimekwisha kujibu, na furaha yetu imo katika kutokatika huko. Falla anataka ikatike. Atakayempima Mwenda kwa kimya chake, au Falla kwa wingi wa sauti zake, atawakosa wote wawili.

Mtihani mkubwa wa utungo uko karibu na mwisho, katika vile vipimo vichache vya jioni ya Debussy. Mpigaji wa kwanza, akijua kuwa wajuzi wanapangojea hapo, husimama kabla yake, kisha huvipiga kwa sauti ya juu na kwa madaha, kama mtu anayetoa kito mfukoni. Utasema anatuuliza, je, mmekitambua? Wa pili havitengi. Mwendo ni uleule, sauti imepungua kidogo, na kabla hujakumbuka ni wapi ulipata kuisikia, imekwisha kupita, kile kijisauti cha mwanzo kimerudi, na utungo unazimika. Mimi nasema wa pili ndiye aliyefahamu. Aliyefiwa hatangazi kuwa sasa atamkumbuka marehemu. Hujikuta amemkumbuka, aghalabu katikati ya shughuli nyingine, na kumbukumbu ikaondoka bila ya kuaga. Najua wako wajuzi wasiokubaliana nami, wanaosema kuwa mtunzi aliyetia nukuu alitaka isikike. Isikike, naam. Kusikika hakuhitaji kupigiwa tarumbeta.

Falla aliuandikia utungo huu piano pia, na miaka mingi baadaye, kufikia mwaka 1939, aliutia katika tungo zake nne za heshima kwa bendi kubwa ya ala nyingi. Ukipata nafasi uzisikilize namna hizo mbili. Ni nzuri, na zina utajiri ambao gita halina. Lakini fidla zinaweza kuishikilia sauti kadiri zipendavyo, na sauti isiyolazimika kufa hainiumizi sana.

Imebaki kusema neno juu ya video zenyewe, kwa sababu wengi wetu hatutapata kuketi katika ukumbi mbele ya mtu apigaye kipande hiki. Video ni neema, maana hutuonyesha mikono kwa karibu kuliko mtu wa kiti cha mbele aonavyo. Ina hila zake pia. Kipaza sauti kidogo cha simu hakiwezi kuutoa vizuri uzi mnene wa gita, ambao hutetemeka kama mara 82 kwa sekunde. Mdundo wote wa habanera, hatua za wafuatao jeneza, hupotea, ukabakiwa na vijisauti vya juu vinavyoelea bila ya ardhi. Nashuku kuwa ndivyo ilivyokuwa darasani petu, na kosa lilikuwa langu. Tumia visikilizio vya masikioni. Kisha jihadhari na mwangwi uliotiwa kwa mashine: video nyingi zimelowekwa katika mwangwi kama wa kanisa kuu, na ule ukavu wa gita niliousifu umefichwa, hata mpigaji wa kawaida akasikika kama bingwa. Kamera ikibadilika kila nafasi kidogo, kumbuka kuwa huenda kilichopigwa mara tano kimeshonwa kikawa kimoja. Ukisikia vidole vinakwaruza nyuzi nene vinapohama, usikuhesabu kuwa kosa. Ni gita linapumua. Mimi humwamini zaidi anayeacha mikwaruzo hiyo isikike.

Na nina lalamiko moja. Sauti ya mwisho ya utungo huu huachwa ipotee yenyewe, na baada yake pana muda ambao mkono haujashuka. Muda huo ni wa Falla kama vipimo vyote 70. Lakini nusu ya video nilizozitazama humkata mpigaji hapo, ama kwa makofi, ama kwa maandishi ya kutuomba tutazame video nyingine.

Juma lililofuata niliwarudisha wanafunzi wangu kwa yule mtu wa ukuta mweupe. Safari hii nilileta vipaza sauti vikubwa, nikawasimulia kisa cha Granada kwanza, nikawaomba wafumbe macho. Wakati wa vile vipimo vya Debussy nilimwona yule kijana wa nyuma amefumbua macho akaangalia dirishani, kama aliyeitwa na mtu. Ilipokwisha nilimwuliza kama sasa ameusikia ukianza. Akafikiri sana, akasema hapana, hakuusikia ukianza hata mara hii, ila alisikia kuwa umekwisha. Kisha akaomba urudiwe.